Dodoma na Kanda ya Kati: maswali ambayo wageni huuliza kila mara

Dodoma kuna nini cha kuangalia zaidi ya Bunge?

Swali hili ndilo linaloongoza, na mara nyingi anayeuliza amekuja kwenye mkutano wa siku tatu na amebakiwa na Jumamosi moja. Jibu fupi: kuna michoro ya miambani ya Kondoa, muziki wa Wagogo (wenyeji wa Dodoma), mnada wa Msalato, mashamba ya zabibu, na miji ya zamani ya njia ya misafara kama Mpwapwa na Kilimatinde. Vyote hivyo vimezaliwa na kitu kimoja, nacho ni uchache wa mvua. Ugali wa uwele, nyumba ya tembe yenye paa bapa, mboga zinazokaushwa na hata utamu wa zabibu ni mazao ya ukame. Ukija ukitafuta kijani kibichi cha Lushoto utaondoka umenuna.

Nije mwezi gani?

Mvua hapa ni ya msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 550 hadi 600. Juni hadi Agosti ni kipupwe: mchana hewa ni safi, usiku baridi inauma kwa sababu mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo hauna huruma. Beba sweta, usicheke. Septemba hadi Novemba ni joto na vumbi.

Kama unataka kuchanganya mambo mengi kwa safari moja, chagua Agosti. Barabara za vumbi zinapitika, zabibu za msimu wa pili zimeanza kuiva, na miti imepukutisha majani kiasi kwamba miamba na vilima vinaonekana vizuri. Mibuyu nayo husimama mitupu, na ndivyo inavyopendeza kupigwa picha.

Jihadhari na Bunge la bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni. Vyumba vya hoteli na gesti hujaa siku za kazi, na bei hupanda. Mwenye ratiba isiyohama apange chumba wiki kadhaa kabla, au alale Jumamosi na Jumapili ambapo wengi huondoka mjini.

Nifikeje?

Kutoka Dar es Salaam, treni ya SGR (reli ya kisasa) ndiyo njia rahisi kwa sasa. Ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, na safari huchukua saa tatu na nusu hivi, kutegemea treni inasimama vituo vingapi. Kata tiketi mapema kwa simu au mtandaoni, na ubebe kitambulisho chenye jina lile lile ulilokatia tiketi. Kinachowakwamisha wengi ni kusubiri hadi Ijumaa jioni au siku ya kuamkia sikukuu: utakuta nafasi zimekwisha, kisha unakimbilia Mbezi kutafuta basi usiku.

Basi hutembea kama kilomita 450 kwa saa saba hadi tisa, kwa sababu ya mizani, vituo vya ukaguzi na malori. Kituo kikuu cha mabasi cha Dodoma kiko Nzuguni, upande wa kuingilia ukitokea Morogoro, si katikati ya mji. Kubaliana bei na bajaji au bodaboda kabla hujapakia begi. Ukitokea Arusha, barabara ya Babati hadi Kondoa ni lami yote, na utapita Kolo kwenye michoro njiani, kwa hiyo ni ujinga kuipita bila kusimama. Ukitokea Iringa unapita Bwawa la Mtera, ambako samaki hukaangwa na kuuzwa kando ya barabara.

Michoro ya Kondoa iko wapi hasa, na unafikaje?

Watu wengi hushuka Kondoa mjini wakidhani wamefika. Hapana. Pa kuanzia ni Kolo, kijiji kilicho kwenye barabara kuu, kama kilomita 25 kaskazini mwa Kondoa mjini na kama 180 kutoka Dodoma. Hapo kuna ofisi ya mambo ya kale na jumba dogo la makumbusho. Unaandikisha jina, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Usijaribu kwenda mwenyewe: hakuna vibao vya kutosha, na baadhi ya mapango ni mahali pa tambiko.

Mapango yanayotembelewa zaidi ni ya Mungomi wa Kolo, maarufu kwa alama B1, B2 na B3. Kutoka ofisini ni mwendo wa kama kilomita kumi za barabara ya vumbi yenye makorongo ya mchanga, kisha unapanda mlima kwa miguu, kama nusu saa kwa mtu mwenye pumzi ya kawaida. Gari dogo lenye tumbo la chini litagonga mawe au kuzama mchangani. Wakati wa mvua hata gari la juu hukwama, kwa sababu korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kujaa maji ndani ya saa moja mvua ikinyesha huko juu. Kama huna gari, bodaboda za Kolo hufanya safari hiyo; kubaliana na dereva akusubiri chini ya mlima, umlipe nauli yote mkirudi.

Ondoka Dodoma saa 12 asubuhi. Utafika Kolo kama saa tatu, utapanda kabla jua halijawa kali, na utarudi Dodoma kabla ya giza. Beba maji lita mbili kwa kila mtu, viatu vyenye kushika, na chakula, maana mlimani hakuna duka.

Ni michoro ya nani, na ina umri gani?

Eneo zima lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336 kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mapango na miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Tofauti hiyo kubwa inatokana na kwamba vilima vingi havijakaguliwa kikamilifu. Mtafiti Mary Leakey alikuja kunakili michoro hii mwaka 1951, na kazi yake ndiyo iliyoifanya ijulikane nje.

Ukisimama mbele ya mwamba, tenganisha rangi mbili. Michoro myekundu, ya udongo wenye madini ya chuma, ni ya wawindaji na wakusanyaji: watu warefu wembamba wenye vichwa kama vimevikwa nywele za ajabu, twiga, pofu, tembo. Ni mistari myembamba iliyochorwa na mkono uliojua unachofanya. Michoro myeupe ni ya baadaye sana, minene, imepakwa kwa kidole, nayo inahusishwa na wakulima na wafugaji. Mara nyingi nyeupe imepakwa juu ya nyekundu. Ukijua hilo, mwamba unaanza kusomeka.

Mchoro unaobishaniwa zaidi uko Kolo: watu wanaonekana kumvuta mmoja kutoka pande mbili. Wapo wanaosema ni utekaji, wapo wanaosema ni tiba ya mtu aliyepandwa na mizuka. Mwongozaji atakupa zote mbili. Sisi tunaona ya pili inaendana zaidi na miili inayoonekana kuelea. Watafiti kadhaa wanahusisha michoro myekundu na mababu wa Wasandawe, ambao hadi leo wanaishi wilaya jirani ya Chemba na wanazungumza lugha yenye sauti za kugongesha ulimi.

Mbona kuna mahali michoro imefifia?

Jua, maji yanayotiririka juu ya mwamba, moshi wa mioto ya zamani, nyuki na pimbi vyote vinachangia. Lakini madhara mabaya ni ya watu. Kuna wageni waliokuwa wakimwagia mwamba maji au soda ili rangi ing'ae kwenye picha. Rangi hung'aa kwa dakika chache kisha chumvi na sukari hubaki zikila mwamba. Usiguse kwa kidole pia, jasho lina mafuta. Picha nzuri hupatikana asubuhi, kwenye kivuli, bila mwanga wa kamera.

Ukikuta vibuyu, nguo au masalia ya tambiko kwenye pango, usiyasogeze. Warangi wa huko bado huenda kuombea mvua na wagonjwa.

Chakula cha asili cha hapa ni kipi, na nitakipata wapi?

Ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, ndicho chakula cha Mgogo. Hoteli kubwa nyingi hazina. Watakupa wali kuku kama popote pengine. Nenda kwa mama lishe wa Soko la Majengo mchana, uliza mapema maana sufuria huisha kabla ya saa nane. Uwele una rangi ya kijivu, harufu yake inakaribia ya karanga, na ugali wake ni mzito tumboni. Anayekula wa mahindi kila siku aanze na nusu sahani.

Ukitaka kununua unga, kumbuka kwamba uwele una mafuta mengi kuliko mahindi, hivyo ukishasagwa huchacha haraka na kuwa mchungu. Nunua uliosagwa wiki hiyo hiyo, unuse kabla ya kulipa. Bora zaidi ununue punje ukasage ukifika nyumbani.

Mlenda mkavu unapikwaje?

Mboga hii huchumwa porini msimu wa mvua, hukaushwa, hutwangwa ikawa unga, na huwekwa hadi mwaka unaofuata. Kwa watu wanne, fanya hivi.

Chemsha nusu lita ya maji. Tia nyanya mbili zilizokatwa ndogo na magadi kidogo sana, kiasi cha ncha ya kijiko cha chai. Nyanya zikishalainika, punguza moto, nyunyiza vijiko vitatu vya chakula vya unga wa mlenda huku unapekecha kwa upekecho ili usifanye madonge. Acha uchemke dakika tano hadi nane bila kufunika. Kisha tia karanga zilizosagwa, kama nusu kikombe, ulizoziloweka kwanza kwa maji ya baridi, koroga, acha dakika tano nyingine, malizia na chumvi.

Yanayoharibika ni matatu. Ukifunika sufuria mlenda hufurika na kuzima moto. Magadi yakizidi, unapata ladha ya sabuni na hakuna dawa, mwaga uanze upya. Karanga ukizitia kavu hushikana vipande vipande. Ukiwa mzito mno ongeza maji ya moto. Ya baridi huufanya ukatike na kuonekana kama umechacha.

Mgeni huogopa ule utelezi. Ni wa makusudi: ugali wa uwele ni mkavu kooni, mlenda ndio unaoushusha.

Nyama ya Msalato kweli ina sifa hiyo?

Ina sifa, na inaistahili. Mnada wa Msalato hufanyika Jumamosi, kaskazini mwa mji kwenye barabara ya Kondoa. Ni mnada wa mifugo kwanza, nguo na vyombo pili, na nyama choma ndiyo inayowaleta watu wa ofisini. Mbuzi huchinjwa hapo hapo, na ni mbuzi wa malisho makavu, nyama yake haina maji mengi.

Taratibu ni hii: chagua kipande ukiwa unakiona kimening'inia, kipimwe mbele yako, na bei mnayokubaliana iwe imejumuisha kuchoma, ndizi na kachumbari. Taja pia idadi ya vipande baada ya kukatwa kama kundi ni kubwa. Mbavu zina mafuta na huiva mapema. Mguu huchukua saa nzima au zaidi ukichomwa vizuri. Anayeharakisha huweka nyama karibu na moto unaowaka, ikaungua nje na kubaki na damu kwenye mfupa. Mwambie akuchomee kwa makaa, kisha nenda katembee mnadani. Kaa karibu vya kutosha kuijua nyama yako, maana kwenye jiko moja kuna za watu kumi.

Fika kati ya saa tano na saa saba mchana. Jioni nyama nzuri imekwisha na usafiri wa kurudi ni wa kugombania. Pesa taslimu za noti ndogo ni muhimu, ingawa wengi hupokea pia kwa simu.

Zabibu zinaivaje kwenye nchi kame?

Ukame ndio unaozisaidia. Hewa kavu hupunguza ukungu unaoshambulia majani na vichala, na jua kali hupandisha sukari. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima ndiye anayeupangia msimu kwa kuupogoa. Baada ya kupogoa huchukua takriban miezi minne hadi kuvuna. Kwa hiyo kuna mavuno mawili: moja mwanzoni mwa mwaka, Februari na Machi hivi, na jingine Agosti na Septemba. La kiangazi huwa tamu zaidi, la masika huathiriwa na mvua: tunda hunyonya maji, hupasuka na kuoza.

Kilimo hiki kilienezwa katikati ya karne ya 20 na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, nje kidogo ya mji. Leo mashamba yako Hombolo, Makutupora, Mpunguzi na Mbabala, na kituo cha utafiti wa zabibu kiko Makutupora. Ile nyekundu inayoitwa Makutupora ni ya mvinyo hasa, ngozi yake ni ngumu. Usiinunue ukitegemea kula kama tunda la mezani kisha ukalalamika.

Ukinunua za kubeba, chukua vichala ambavyo vikonyo vyake bado ni vya kijani. Tumia boksi lenye matundu. Kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, ndani ya basi la mchana, zitaanza kuchacha kabla ya Morogoro. Osha wakati wa kula tu.

Na mvinyo?

Viwanda viko Dodoma mjini na Hombolo, na baadhi hupokea wageni kwa miadi. Upo mkavu mwekundu, upo mweupe, na upo dompo, mtamu sana, ambao ndio wenyeji wengi hununua. Utamu wake unadanganya. Ulevi wake hauna haraka lakini hauna msamaha. Chupa iliyokaa dirishani dukani ikipigwa na jua iache, hata kama bei imepunguzwa.

Naweza kuona ngoma ya Kigogo bila kusubiri harusi?

Inawezekana. Chamwino, kama kilomita 30 mashariki mwa mji, kuna vikundi vya ngoma na tamasha la muziki wa Cigogo, ambalo kwa kawaida hufanyika katikati ya mwaka. Nje ya tamasha, vikundi hualikwa kwa makubaliano: zungumza siku mbili tatu kabla, na malipo yaende kwa kiongozi wa kikundi mbele ya wenzake, si kwa dalali aliyekuleta.

Cha kusikiliza ni sauti zinazopishana: mmoja anaanzisha, wengine wanaingia kwa sauti tofauti kwa wakati mmoja, chini kuna zeze na marimba ya mkononi yenye vipande vya chuma, na njuga miguuni. Muheme ni ngoma ya wanawake. Hubana ngoma katikati ya mapaja na kupiga wakiwa wanacheza. Aliyeipeleka sauti hii duniani ni Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003.

Tembe bado zipo?

Zimebaki chache, vijijini. Tembe ni nyumba ya fito na udongo yenye paa bapa lililobebwa na nguzo za ndani, juu yake magogo, matawi na udongo. Zamani zilijengwa kuzunguka ua wa ng'ombe. Paa bapa halishikwi na upepo, na udongo mzito hutunza ubaridi mchana na joto usiku. Udhaifu wake ni mvua kubwa: paa hulowa, huzidi uzito, huvuja au kuanguka, kwa hiyo lilihitaji kukandikwa kila mwaka. Watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 na kuja kwa mabati kumezimaliza. Ukiiona moja, bisha hodi kwanza; ni nyumba ya mtu.

Kongwa na Mpwapwa zina historia gani?

Zote zafaa kwa siku moja: kwenye barabara ya Morogoro unakunja Mbande, unafika Kongwa, unaendelea Mpwapwa.

Kongwa ndiko serikali ya Uingereza ilikoanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947. Ulifutwa mwaka 1951 baada ya kula takriban pauni milioni 36. Waliokuja na matrekta hawakuwa wameisoma ardhi: udongo wa mfinyanzi hukauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya mashine na kuzifungia karanga ardhini, mibuyu haing'oki kirahisi, na mvua haikuja walivyoipangia. Miaka ya 1960 Kongwa ikawa na kambi za wapigania uhuru, wakiwemo wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia. Mahali hapa panastahili kutangazwa kuliko ilivyo.

Mpwapwa ilikuwa kituo cha maji cha misafara ya karne ya 19 kutoka pwani. Baada yake ilifuata Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, kisha Ugogo ambako watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara uliotaka kupita na kuteka maji. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipita hapa mwaka 1871, na wamisionari wa Kianglikana wakafungua kituo chao miaka hiyo ya 1870.

Mjini nitembelee nini kwa nusu siku?

Anza na makumbusho ya miamba na madini ya Taasisi ya Jiolojia, ambayo hupuuzwa bila sababu. Kisha Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010. Wasio Waislamu waombe ruhusa mlangoni, wajisitiri, na waepuke saa za swala. Jengo la Bunge huingiwa kwa utaratibu, rahisi zaidi ukiwa mgeni wa mbunge wako: kitambulisho, mavazi rasmi, simu ukizuiwa usibishane. Mji wa Serikali Mtumba utauona kwa gari.

Kuna ya kuzingatia kuhusu picha na adabu?

Usipige picha Ikulu ya Chamwino, askari, wala majengo ya serikali yenye ulinzi. Kwa watu, omba. Salimia kwanza: *mbukwa* kwa mtu mmoja, *mbukwenyi* kwa wengi, na wazee shikamoo kama kawaida. Vijijini sketi au suruali ndefu itakuepushia macho mengi.

Nibebe zawadi gani?

Asali ya Manyoni na Itigi, mafuta ya alizeti ya Singida, unga wa ubuyu, mlenda mkavu. Asali na mafuta mengi huuzwa kwenye chupa zilizotumika, hivyo kaza kifuniko, zungushia nailoni, na usimamishe chupa wima ndani ya begi. Kuku wa Singida ana jina lake, lakini akiwa hai kwenye SGR hutaruhusiwa naye.